Jumamosi za Kufuta Nakala

Kwa karibu miaka miwili, kila Jumamosi nilipanda treni ya asubuhi kutoka Likasi kwenda Lubumbashi kufuta vitu ambavyo hakuna mtu aliyevihitaji tena. Nilipoeleza hivyo kwa majirani walifikiri ninafagia maofisi. Sikuwalaumu. Hata mama yangu, ambaye nililala nyumbani kwake na kula mezani kwake, alichukua muda mrefu kuamini kwamba binti aliyesomeshwa mpaka akapata cheti anasafiri kutwa nzima kwa ajili ya kufuta.

Nilikuwa karani wa mashine katika kampuni ya madini, miaka ile nchi ilipoitwa Zaire na sisi sote tukaitwa raia kwa Kifaransa, sitwayeni kwa wanaume na sitwayene kwa wanawake. Ofisi yetu ya Likasi ilikuwa chumba kimoja chenye madirisha marefu, karibu na kiwanda, na ndani yake kulikuwa na kioo kimoja chenye maandishi ya kijani, kibodi yake, na waya wa simu. Mashine yenyewe, ile kubwa iliyofikiri, ilikuwa Lubumbashi. Kila siku alasiri tulituma kwa waya habari za siku nzima: nani alifika kazini, ghala limetoa nini, tanuru gani limesimama. Mashine ilizipokea, na baada ya kuzipokea ilitengeneza nakala, ili siku moja zikipotea tusianze kulia.

Nakala za kila siku zilitakiwa kukaa wiki moja. Za mwisho wa mwezi, mwaka mmodi. Za mwisho wa mwaka hazikuguswa kabisa. Hiyo ndiyo ilikuwa sheria, imeandikwa kwenye karatasi na kubandikwa ukutani. Lakini karatasi haifuti kitu. Nakala zilizopitwa na wakati zilibaki palepale, zikarundikana pamoja na mpya, mpaka nafasi ikaisha. Na nafasi ikiisha, mashine ilikataa kupokea chochote kutoka Likasi. Siku hiyo ghala lilisimama, watu wakapanga mstari wakingoja vipuri, na simu ya ofisi yetu ililia bila kupumzika.

Mtu angeweza kuuliza kwa nini tusifute tukiwa palepale Likasi, kwa waya. Tuliwahi. Kabla sijafika, karani mmoja alikuwa akifuta hivyo, laini ikakatika katikati ya kazi, naye hakujua mashine imesikia maneno gani na yapi haikusikia. Zilipotea nakala za wiki nzima. Tangu hapo ikaamriwa: anayefuta awe mbele ya mashine. Watu wa Lubumbashi nao walisema nakala za Likasi ni za Likasi, wao hawazigusi. Basi nikawa mimi.

Mwanzoni nilifurahia. Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu, nilivaa kitenge changu kizuri, nikakaa dirishani na kuangalia vilima vikipita. Tena niliepuka salongo. Jumamosi asubuhi mtaa mzima ulitoka na majembe na mifagio kusafisha mitaro, kwa amri ya serikali, na mimi nilipita katikati yao na mkoba wangu nikielekea stesheni. Walininung'unikia, na mimi niliwasalimia wote kwa adabu.

Huko Lubumbashi alikuwapo mama mmoja aliyeendesha mashine zamu ya Jumamosi. Alikuwa mnene, mpole, mwenye miwani iliyofungwa uzi nyuma ya shingo. Nilimwita yaya, kwa kuwa alinizidi umri, naye aliniwekea kiti na chai kabla sijafika. Nilikaa, nikatoa orodha yangu niliyoiandika kwa mkono siku ya Ijumaa, nikafuta nakala moja moja, nikitia alama ya kalamu kwa kila iliyokwenda. Ilichukua saa mbili, wakati mwingine tatu. Halafu treni ya kurudi.

Furaha hiyo ilipungua nilipopata mchumba.

Alikuwa mwalimu wa hesabu Mulungwishi, kwenye shule za misheni. Tulijuana kwenye arusi ya binamu yangu, alipokuja na kwaya. Alikuwa mrefu, mwenye sauti ya chini, na alikuwa na tabia ya kunyamaza kidogo kabla ya kujibu, hata ukimuuliza kama anataka chumvi. Nilimpenda kwa sababu ya ule unyamavu. Tatizo ni kwamba siku za kazi alifundisha, na Jumapili aliongoza kwaya ya vijana kanisani kwao, wakati mimi mama alitaka kuniona kwenye misa yetu ya Kikatoliki. Ilibaki Jumamosi. Na Jumamosi, Lubumbashi iko upande huu wa Likasi, Mulungwishi iko upande ule. Kila wiki treni ilinichukua nikiwa nimempa mgongo.

Tuliandikiana barua. Alinieleza habari za wanafunzi wake, nami nikamweleza habari za nakala. Sidhani kama kuna barua za mapenzi zilizozungumza habari za diski zaidi kuliko zile.

Kisha ilikuja siku ya wajomba. Wazee wake watatu walipanga kuja kwetu kuzungumza, kama desturi inavyotaka. Walitoka mbali, na siku waliyoipata ilikuwa Jumamosi, siku ya posho kama tunavyoiita kwetu. Barua ya kutujulisha ilichelewa. Walipofika, wamevaa abakosti, zile suti zisizo na tai, zilizopigwa pasi, mimi nilikuwa Lubumbashi mbele ya mashine. Mama aliwapokea, akawapa viti, akawapikia bukari, ugali wa kwetu, na kuku. Walipouliza binti yuko wapi, mama, ambaye hasemi uongo hata wa kumsaidia, aliwajibu nimekwenda kufuta.

Nilisimuliwa mambo hayo jioni. Mjomba mkubwa alikuwa ameuliza, "Anafuta nini?"

Mama akasema, "Bintu bya kampani. Bya zamani."

"Na juu ya nini anaendaka mbali vile? Huku Likasi hakuna bintu bya zamani?"

Mama akawaongezea bukari. Wajomba walikula, wakashukuru, wakasema watarudi siku ambayo msichana atakuwapo. Mama aliponieleza alicheka mpaka akajifuta machozi kwa ncha ya kitenge, kisha akaacha kucheka na kuniangalia.

"Mutoto wangu," alisema, "ile mashine iko na akili, ao haina? Kama iko na akili, ifute yenyewe."

Nilikwenda kulala na maneno hayo. Jumatatu nikaenda kwa shefu, mkuu wa ofisi.

Shefu wetu alikuwa mzee wa asili ya Kasai kama sisi; baba yake, kama babu yangu, aliletwa Katanga kufanya kazi migodini. Alikuwa mtu wa penseli nyekundu. Kila karatasi iliyopita mezani kwake ilipata alama nyekundu mahali fulani, hata kama haikuwa na kosa, ili ijulikane imesomwa. Nilimweleza wazo langu. Nitaandika programu ndogo, itakaa ndani ya mashine yenyewe huko Lubumbashi, kwa hiyo laini ikikatika haijali. Kila Jumamosi asubuhi itaamka, itaangalia tarehe ya kila nakala yetu, itahesabu umri wake, na iliyopita muda wake itaifuta.

Shefu alisikiliza mpaka mwisho. Akauliza nilijifunza wapi kuandika programu. Nikamwambia kwenye vitabu vya mashine, vya Kifaransa, ambavyo yaya aliniazima, na kwenye treni, ambako nilikuwa na saa nyingi za kusoma. Aliguna. Nilijua anamfikiria yule karani aliyepoteza wiki nzima, kwa kuwa lawama ile ilimwangukia yeye.

Alinikubalia kwa sharti. Kwanza programu isifute kitu. Iandike tu orodha ya vile ambavyo ingefuta. Mimi niendelee kusafiri, nilinganishe orodha yake na yangu ya mkono, na zikifanana majuma sita mfululizo bila kosa hata moja, hapo tutazungumza. Niliona majuma sita ni mengi. Leo ninamshukuru.

Niliandika programu hiyo kwa siku kumi, asubuhi kabla ya kazi kuanza. Yaya aliiingiza kwenye mashine. Jumamosi ya kwanza, katikati ya mwezi, nilipofika orodha ilikuwa imeshatoka kwenye printa, karatasi ndefu yenye matundu pembeni. Niliilaza kando ya yangu. Zilifanana. Yaya alinipiga kofi la furaha begani. Jumamosi ya pili zilifanana tena, na ya tatu pia, na mimi nikamwandikia mchumba wangu barua ya majivuno, nikamwambia wajomba wachague tarehe.

Jumamosi ya nne tulikuwa tumeingia mwezi mpya. Nilipofungua mlango yaya hakuwa ameketi. Alikuwa amesimama na orodha mkononi.

"Njoo uone," alisema kwa upole. "Hii yako inataka kufuta hata ya jana."

Alikuwa sahihi. Nakala zote za mwezi mpya, zile changa kabisa, zilikuwa kwenye orodha ya kufutwa. Na ile ya mwisho wa mwezi iliyotimiza mwaka, ambayo ilistahili kwenda, ilikuwa imeachwa. Kama programu ingekuwa na ruhusa ya kufuta, ingekuwa imemaliza kila kitu kipya tulichokuwa nacho. Nilikaa chini. Nilifuta kwa mkono kama kawaida, nikanywa chai iliyokuwa imepoa, nikapanda treni nikiwa na orodha ile mapajani. Sikuona vilima. Nilijua tu kwamba Jumatatu nitasimama mbele ya penseli nyekundu.

Jumapili baada ya misa mama alikuwa akichambua sombe, majani ya muhogo, na mimi nilikaa karibu naye na karatasi zangu. Aliniuliza nina nini. Nilimweleza kwa sababu ya kumweleza mtu, sio kwamba nilitarajia msaada. Nikamwambia kila nakala ina namba ya tarehe: siku, halafu mwezi, halafu mwaka. Mashine inalinganisha namba. Namba ndogo ni ya zamani, namba kubwa ni mpya.

"Inasoma kutokea wapi?" aliuliza, bila kuinua macho.

"Kushoto."

"Kushoto kuko nini?"

"Siku."

Akaendelea kuchambua. Mama alisoma darasa tatu tu, kwa masista, lakini alijua kusoma kalenda na hakupenda mambo ya kuzungushwa. "Basi tarehe moja ya mwezi huu ni ndogo kuliko tarehe makumi mbili ya mwezi ule umekwisha," alisema. "Mashine haina kosa. Weye njo uliiambia vile."

Nilibaki na kalamu hewani. Ilikuwa ni hivyo tu, hakuna zaidi. Tulipokuwa ndani ya mwezi mmoja, siku zilipanda moja baada ya nyingine na kila kitu kilikwenda sawa. Tulipovuka mwezi, siku zilirudi kwenye moja, na mashine ikaona moja ni ndogo. Nilitakiwa kugeuza: mwaka kwanza, mwezi, halafu siku mwishoni. Nilimkumbatia mama na majani yake ya sombe mikononi, akanifukuza kwa kuwa namwaga.

Jumatatu nilimwambia shefu yote, pamoja na orodha mbaya. Sikuficha. Aliangalia karatasi ile kwa muda, akaweka alama ndogo nyekundu kwenye kona, akasema tuanze kuhesabu majuma sita upya. Hakunigombeza. Nilipofika mlangoni aliniita.

"Sitwayene. Na kama siku moja inakosea tena, kosa lingine, lenye hatujue?"

Sikuwa nimefikiri hivyo. Nilirudi mezani kwangu na swali lake, na jibu lilinichukua wiki nzima. Niliongeza masharti mawili kwenye programu. La kwanza, nakala za mwisho wa mwaka zisiguswe hata tarehe zake zikisema nini. La pili, kabla ya kufuta ihesabu kwanza. Na ikiona inataka kufuta nyingi kuliko kawaida ya wiki moja, isimame, isifute hata moja, itoe karatasi na kumwita mtu. Shefu aliposoma hilo la pili alitabasamu. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kuona meno yake.

Majuma sita yalipita. Tulivuka mwezi mwingine. Orodha zilifanana kila Jumamosi, mpaka yaya akasema atachoka kuniona.

Jumamosi ya saba sikupanda treni. Shefu aliamua nikae Likasi na tusubiri simu kutoka Lubumbashi saa nne asubuhi. Kwa kuwa nilikuwapo mjini, ilibidi nifanye salongo kama watu wote, na ofisi yetu ilipewa mtaro uliopita chini ya madirisha yake. Shefu alikuja na jembe, na abakosti kuukuu. Tulichimba matope tukiwa tumeacha dirisha wazi ili tusikie simu. Saa nne ikafika, kimya. Saa tano, kimya. Shefu alipanda ngazi, akainua mkono wa simu, akarudi akasema laini imekufa. Tukaendelea kuchimba. Mtaro ule haujawahi kusafishwa vizuri vile. Tulifika mpaka kwenye sakafu yake ya saruji, ambayo hakuna aliyejua kama ipo.

Karibu na saa sita simu ililia. Nilikimbia na matope miguuni. Ilikuwa sauti ya yaya, mbali, kama mtu anayezungumza ndani ya mtungi. Alisema mashine iliamka yenyewe, ikahesabu, ikafuta, ikamaliza kabla hajavua koti lake. Shefu alikuwa amesimama kwenye kizingiti, hakutaka kuchafua sakafu. Alinitaka nimwombe asome orodha. Yaya akasoma, nami nikarudia kila namba kwa sauti, na shefu akafuata kwenye orodha yangu ya mkono kwa penseli. Zilipofika mwisho akanitaka nimwombe asome tena. Yaya akasoma tena, akicheka.

Shefu alikunja karatasi, akaitia mfukoni. Alitazama mtaro kwa dirisha, halafu akaniambia, "Siku ya posho yenye kuya, usikuye huku. Na Lubumbashi usiende. Enda kwenye roho yako inapenda."

Sikumwandikia mchumba wangu. Barua ingechelewa kama ya wajomba. Jumamosi iliyofuata nilikwenda stesheni asubuhi kama siku zote, na mzee wa tiketi, aliyenijua, alikuwa ameshaanza kuniandalia ya Lubumbashi. Nilimwambia hapana, leo upande ule. Aliniangalia juu ya miwani na kunipa ya kwenda Mulungwishi.

Nilimkuta nyuma ya darasa lake, amekunja mikono ya shati, anapaka rangi nyeusi mbao za kuandikia zilizokuwa zimepauka. Alinyamaza kidogo, kama kawaida yake. Halafu akauliza kama mashine imeharibika.

"Hapana," nilisema. "Inafanya kazi yenyewe."

Aliweka brashi chini bila kuangalia anaiweka wapi, ikaanguka kwenye nyasi. Tulizunguka misheni nzima siku ile. Alinionyesha bustani ya wanafunzi, kinanda cha kanisa ambacho sauti mbili hazikutoka, chumba chake chenye vitabu vilivyopangwa kwa urefu. Aliniomba nimweleze lile jambo la tarehe, na nilipomweleza mama alivyolitatua huku akichambua sombe, alicheka kwa sauti ambayo sikujua anayo. Wanafunzi walitoka mabwenini kuona mwalimu wao ana nini.

Wajomba walirudi Jumamosi, na safari hii nilikuwapo kuwakaribisha. Mjomba mkubwa aliniuliza kama nimemaliza kufuta. Nikamwambia sasa vinajifuta vyenyewe. Akatikisa kichwa kwa heshima, nadhani hakuniamini.

Tulioana kabla ya mvua. Yaya alikuja kutoka Lubumbashi kwa treni yangu ya zamani, akacheza kuliko shangazi zangu wote. Shefu alitoa hotuba fupi sana, na alipomaliza aliikunja karatasi yake. Niliona ina alama nyekundu.

Programu iliendelea kufanya kazi miaka mingi. Mara moja tu ilisimama. Likasi tulikuwa tumetuma habari za siku kadhaa mara mbili kwa sababu ya laini mbaya, nakala zikawa nyingi, na mashine ilipohesabu ikakataa kufuta, ikatoa karatasi. Yaya alinipigia simu Jumatatu akiwa na wasiwasi. Mimi nilifurahi siku nzima. Baadaye watu wa mji mwingine wa migodi waliiomba, na shefu akanituma kuwafundisha, akiniagiza niwaambie kwanza kabisa habari ya majuma sita.

Mume wangu alipata kazi kwenye shule moja ya Likasi. Jumamosi, baada ya salongo, tulipanda baiskeli moja mpaka barabarani, tukapata gari la kwenda ziwa Tshangalele, tukanunua samaki kwa wavuvi wakiwa bado wanarusha mikia, tukawachoma ukingoni na kuwala kwa mikono. Yeye aliwatoa miiba kwanza, polepole, mmoja mmoja, kabla ya kula. Mimi sikuweza kusubiri.